Istilahi za Hitilafu za Simu ya Mkononi: "Mtandao" na "Chaji"

Mkazi wa Kinyerezi amwambiapo fundi kwamba simu yake "haina mtandao", huwa hajaeleza bado ni kipi kilichoharibika. Yawezekana simu haipati mawimbi ya mnara. Yawezekana mawimbi yapo ila bando limekwisha. Au simu imeungana barabara na waifai ya nyumbani, na hiyo waifai yenyewe ndiyo isiyopata intaneti. Katika mazungumzo hasara si kubwa, maana fundi huuliza. Mwongozo wa matumizi hauulizwi. Mfasiri aandikapo "kagua mtandao" humwacha msomaji njia panda, naye huweza kwenda kununua laini mpya asiyoihitaji.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya kiufundi neno mtandao lisisimame peke yake. Iandikwe mawimbi kwa kile kinachopokelewa kutoka mnarani, mtandao wa simu kwa huduma ya kampuni, intaneti kwa intaneti, na waifai kwa waifai. Maneno yakishatengana, uchunguzi nao hunyooka. Vile vipau vilivyo juu ya kioo huonyesha nguvu za mawimbi, wala havionyeshi kama intaneti ipo. Simu ya kawaida ikipigika, mawimbi yapo. Kasoro itafutwe kwenye bando au kwenye mipangilio ya data. Ikiwa tatizo ni la waifai, ijaribiwe simu nyingine hapo hapo: nayo ikishindwa, kasoro iko kwenye kisambazaji au kwenye huduma, ikifaulu, simu ya kwanza isahaulishwe waifai hiyo, kisha nywila iandikwe upya. Kuwasha hali ya ndegeni na kuizima huilazimisha simu kutafuta minara upya, na mara nyingi hilo latosha.

Neno simu lenyewe latoka katika Kiajemi, ambako maana yake mojawapo ni waya. Kwa hiyo asemaye "simu isiyo na waya" asema waya usio na waya. Hakuna aliyelalamika hadi leo, na si juu yetu kuanza. Wazee walikwisha kupata simu ya upepo kwa vyombo vya polisi, na mtandaopepe uliomo katika baadhi ya simu za Kiswahili umefuata njia ya barua pepe. Twaliona kuwa neno zuri, mradi litumike kwa maana moja tu, yaani simu moja kuzigawia nyingine intaneti.

Kinyerezi ni mahali pa vilima na mabonde. Nyumba iliyo bondeni huweza kukingwa na kilima isiuone mnara, na kuta za zege pamoja na mabati hupunguza mawimbi zaidi. Simu ipatayo mawimbi hafifu huongeza nguvu za kurushia na kutafuta minara bila kupumzika, na kazi hiyo hula chaji. Hivyo malalamiko mawili, la mtandao na la chaji, huweza kuwa hitilafu moja.

Chaji nalo ni neno lililoelemewa. "Chaji yangu mbovu" ni betri, ni chaja, au ni tundu? Chaji na ibaki kuwa umeme uliohifadhiwa. Betri ni chombo kiuhifadhicho. Chaja ni kifaa cha kujazia. Simu isiyojaa ibadilishiwe kwanza waya, kisha chaja. Halafu, ikiwa imezimwa, tundu lisafishwe vumbi kwa kijiti kikavu kisicho cha chuma. Baada ya hapo ndipo betri ishukiwe. Betri za ioni za lithiamu, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1991, huchakaa kwa umri na kwa joto, na joto la Dar es Salaam wote twalijua.

Kuna makosa mawili ya tafsiri ambayo hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni "milliampea kwa saa". Kipimo hiki ni zao la kuzidisha, si la kugawanya: betri ya milliampea-saa 5,000 yaweza kutoa milliampea 500 kwa muda wa saa 10. Iandikwe milliampea-saa. La pili ni la hatari zaidi, nalo ni kuandika kwamba betri "imetanuka". Chuma hutanuka juani na hakuna ashtukaye. Betri huvimba, kwa gesi iliyozalika ndani yake, na iliyovimba haifai kuchajiwa, kubonyezwa wala kutobolewa, kwani yaweza kuwaka moto. Neno kuvimba humtia msomaji hofu inayostahili.

Kisambazaji bado kina mpinzani wake, ruta, ambalo mafundi wengi hulipendelea kwa ufupi wake. Umeme ukatikapo, hata huko Kinyerezi kwenye mitambo ya kuufua kwa gesi asilia, kifaa hicho huzimika na waifai hutoweka, ilhali mnara wenye betri au jenereta yake huendelea. Walimu na wafasiri watuandikie ni neno lipi kati ya hayo mawili lisikikalo zaidi waliko.