Joto la Juba na Pipa la Maji Lisilo na Choo



Tarehe 20 Februari 2025 serikali ya Sudan Kusini ilizifunga shule zote kwa wiki mbili. Wanafunzi wapatao kumi na wawili kwa siku walikuwa wakizirai mjini Juba kwa ajili ya joto. Machi 2024 zilifungwa vilevile, joto likitazamiwa kufika nyuzi 45. Amri hizo zilihusu shule. Hazikuwahusu akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo huko Jebel, wala wauza chai wa Konyokonyo wakaao mbele ya makaa tangu asubuhi.

Watu hubishana: joto huua wanawake zaidi au wanaume? Ulaya, ambako vifo huandikwa kwa uangalifu, wataalamu wamekadiria kwamba watu zaidi ya 61,000 walikufa kwa joto katika kiangazi cha 2022, na wanawake waliwazidi wanaume. Lakini tazameni umri. Waliozidi ni vikongwe wa miaka 80 na kuendelea. Chini ya miaka 65, yaani umri wa kufanya kazi, kiwango cha vifo vya wanaume kilikuwa juu kwa asilimia 41. Na huko Chicago mwaka 1995, walikokufa zaidi ya 700, wazee wanaume walioishi peke yao, bila mtu wa kuwapigia hodi, walikuwa miongoni mwa walioumia sana. Basi si maumbile peke yake.

Kibarua mwanamume hubeba zege juani saa saba mchana, hilo twalijua. Mwanamke mjamzito naye, joto humzidishia hatari ya kuzaa kabla ya siku zake, au mtoto kufia tumboni. Tena kuna jambo ambalo sisi katika kamati zetu tunaona haya kulitaja: mahali pasipo choo, mwanamke hujizuia kunywa maji kutwa nzima. Mwili wake hukauka, jasho hupungua, figo huumia. Mwajiri anayeleta pipa la maji bila kujenga choo amewapa maji wanaume tu.

Kwa hiyo tunadai choo cha wanawake na kivuli, kazi nzito ianze alfajiri na isimame tangu saa sita hadi saa kumi, na mjamzito apumzike bila kukatwa ujira. Na mwenzenu akianza kuyumba au kusema ovyo, msingoje ruhusa ya msimamizi: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, kisha hospitali.