Nyanjiru: Mwanamke aliyewakemea wanaume mbele ya bunduki za mkoloni

Machi 16, 1922, maelfu ya Waafrika walikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi. Walidai aachiliwe Harry Thuku, aliyekamatwa siku mbili awali baada ya kupinga kipande, kodi na kazi ya shuruti.

Wajumbe waliotumwa serikalini walirejea mikono mitupu, wakawasihi watu watawanyike. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akainua vazi lake na kuwataka wanaume walitwae, wao wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu, hilo ni tusi zito mno.

Akina mama walipiga vigelegele, umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21, Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Baadaye barabara iliyo jirani na hapo ilipewa jina lake.