Jangwa Lisilokuwako: Migori na Homa Bay Zina Mengi ya Kufunza

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hata hivyo, katika shule zetu nyingi ziara ya wanafunzi imegeuzwa kuwa safari ya kwenda kule ambako kila mtu amekwisha kwenda. Basi la shule likitoka, aghalabu huelekea Nairobi kutazama simba na ndege za abiria, au Mombasa kuyakanyaga maji ya bahari na kupiga picha chini ya pembe za barabara ya Moi. Miji mingine yote huhesabiwa kuwa jangwa: mahali pa kununua soda na kujaza mafuta, wala si mahali pa kutua na kujifunza.

Miongoni mwa miji inayodhulumiwa kwa fikira hii ni Migori na Homa Bay, katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini. Migori uko kando ya barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Homa Bay uko ukingoni mwa Ghuba ya Winam, chini ya kilima cha Asego. Mara nyingi nimewapendekezea walimu wawapeleke wanafunzi huko, na mara nyingi nimejibiwa kwa swali: "Tutafanya nini huko?" Swali hilo lastahili jibu, tena jibu lenye majina na mahali.

Tuanze na mji wa Migori wenyewe. Mgeni anayetaka kuona majumba marefu atavunjika moyo, lakini mgeni mwenye masikio atashiba. Sokoni mwake Kiluo, Igikuria, Ekegusii na Kiswahili husikika katika muda wa dakika chache, pengine katika kinywa cha mchuuzi mmoja. Mwanafunzi wa lugha aombe kusikilizishwa vitenzi vya Igikuria. Katika lugha hiyo ya Kibantu toni hufanya kazi ambayo Kiswahili hukiachia kiambishi peke yake: tofauti ya nyakati hujitokeza pia kwa kutazama toni ya juu inaanzia wapi katika shina la kitenzi, mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu au hata pa nne. Wanaisimu wa nchi za mbali wameandika mengi juu ya jambo hili, ilhali mwanafunzi wa Kenya hupita Migori dirishani mwa basi akiwa amelala.

Kutoka mjini Migori, safari ya takriban kilomita 46 kuelekea kaskazini-magharibi humfikisha mtu Thimlich Ohinga. Katika Kiluo, thim ni msitu, lich ni kitu cha kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Jina peke yake ni somo la historia, kwani linatueleza jinsi mahali hapo palivyoonekana na waliopakuta. Kuta zake, zilizokadiriwa kujengwa karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wa takriban mita moja. Wala hapana saruji wala udongo ulioyashikamanisha mawe hayo. Waashi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, wakazifumbata kwa mawe madogo ya katikati, uzito wa jiwe moja ukawa ndio kishikizo cha jingine. Malango yake ni mafupi, na aingiaye hana budi kuinama. Adui aliyeingia ameinamisha kichwa alikuwa tayari amekwisha kushindwa nusu ya vita.

Ndani ya boma kuu, liitwalo Kochieng, mgeni huonyeshwa mabaki ya nyumba na mazizi ya mifugo. Jamii mbalimbali, za Kibantu na za Kiniloti, zilipokezana mahali hapa, kila moja ikizikarabati kuta ilizozikuta. Hili ndilo jambo ambalo ningependa mwalimu wa historia alisimamie zaidi ya vipimo vya mawe. Tumezoea kuwafundisha watoto kwamba makabila yetu yalikutana kwa mikuki tu. Thimlich yatufundisha kwamba yalirithiana nyumba pia.

Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Orodha hiyo ndiyo iliyokwisha kuupokea Mji Mkongwe wa Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Basi kwa kipimo cha dunia, boma hili la Migori laketi mkeka mmoja na Lamu na Mombasa. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaoweza kulitaja? Wengi huijua Zimbabwe Kuu, na ni vyema kuijua, maana wakoloni walijitahidi sana kukana kwamba Mwafrika aliweza kuijenga. Lakini hatuwezi kuwalaumu wakoloni milele iwapo sisi wenyewe twaupita ushahidi uliomo nchini mwetu bila kuutazama.

Sasa tuelekee Homa Bay. Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili hulicheka jina hili wakidhani ni ghuba ya maradhi. Homa hii haihusiani na homa ya kitandani. Ni jina la mlima ulio katika rasi, kaskazini-mashariki ya mji. Mji wenyewe ulijulikana zamani kwa jina la Chamgiwadu, yaani kula pamoja na nduguyo. Tazama jinsi jina moja laweza kubeba falsafa nzima ya soko: hapa mtu hali peke yake.

Ajifunze mgeni kuamka mapema na kwenda ufukoni mashua zinapowasili. Hapo mwalimu wa Kiswahili ana somo tayari, tena bila chaki. Samaki mdogo anayeanikwa juani huitwa omena upande wa Kenya, na ukivuka mpaka kuingia Tanzania huitwa dagaa. Mbuta wa Kenya ndiye sangara wa Tanzania, na ngege wa huku ndiye sato wa kule. Ziwa ni moja, samaki ni mmoja, Kiswahili ni kimoja, bali majina ni mawili. Lipi ni sanifu? Mjadala wa swali hilo, ukifanywa na wanafunzi mbele ya wavuvi wenyewe, una manufaa kuliko mihadhara kumi yangu. Mwalimu wa sayansi naye aeleze kwamba mbuta hakuwa mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa katika karne ya 20, na samaki wengi wa asili wakatoweka au wakapungua.

Kilomita chache nje ya Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichokuwa katika karamu. Bikizee mmoja mgeni akaja kuomba hifadhi, akafukuzwa. Ni mwanamke mmoja tu aliyemhurumia, naye akaonywa aondoke upesi. Mvua ikanyesha, kijiji chote kikazama. Mtaalamu wa ardhi atasema kwamba ziwa hilo limo ndani ya shimo la volkeno, na atasema kweli. Lakini hadithi nayo ina ukweli wake, kwa maana imekuwa ikiwafundisha watoto, kizazi baada ya kizazi, kwamba ukarimu si pambo bali ni sharti la kuishi. Elimu mbili hizi hazigombani, na mwanafunzi aliyesimama ukingoni mwa maji hayo ataweza kuzibeba zote mbili.

Mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe, sitaieleza kwa kirefu. Yatosha kusema kwamba ndiyo maskani pekee yaliyosalia nchini Kenya ya korongo, yule mnyama mkubwa wa jamii ya paa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, na kwamba korongo hao sasa ni wachache mno. Kilichowahifadhi kwa muda mrefu ni mbung'o, ambaye kwa ugonjwa wa malale aliwafanya watu na ng'ombe waliogope bonde hilo. Historia ina kejeli zake: mdudu aliyemdhuru binadamu ndiye aliyekuwa mlinzi wa mnyama.

Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa kwa zana hizo. Huko Rusinga nako, mwaka 1948, Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Nani basi atathubutu kuiita nchi hiyo jangwa?

Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai, 1969. Kaburi lake lina jengo la ukumbusho lenye umbo la risasi, na si rahisi mtu kulitazama asinyamaze. Wanafunzi wakumbushwe hapo kwamba mwaka 1959 Mboya alishiriki kuanzisha mpango wa kuwasafirisha vijana kwenda kusoma Marekani, ndege ya kwanza ikabeba wanafunzi 81, na kwamba mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walionufaika. Mwanafunzi anayelalamika kwamba elimu haina maana aende akalisemee jambo hilo mbele ya kaburi lile.

Nimekiacha mwisho kisiwa cha Mfangano, kwa kuwa hapo ndipo pana jambo linalonikera rohoni. Mgeni atavuka kwa mashua kutoka Mbita, na atapelekwa Mawanga na Kwitone kutazama michoro ya miamba: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, ambayo hunasibishwa na wawindaji wa kale wa Kitwa. Waliochora hawapo tena. Lugha yao haipo. Hatuna neno lao hata moja la kuyaitia maduara hayo.

Wakaaji waliofuata ni Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu ni Olusuba. Mboya mwenyewe alikuwa wa asili hiyo. Lugha hii nayo imo mashakani. Mwaka 1992 wanaisimu Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha utafiti wao kuhusu jinsi Wasuba walivyohamia katika Kiluo. Hapana mtu aliyewakata ndimi. Walioana na majirani, wakauza na kununua nao, na shule na kanisa vikawajia kwa Kiluo. Mama alimwimbia mtoto kwa lugha ya sokoni, mtoto alipokua hakuwa na nyingine ya kumwimbia wake. Ndivyo lugha zifavyo: hufia jikoni, polepole, watu wakicheka na kula.

Zimekuwapo juhudi za kuifufua, darasani na kwenye matangazo ya redio, na kisiwani ipo Makumbusho ya Amani ya jamii ya Abasuba. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka dola iendeleze na ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Lakini ibara haiongei. Lugha huongewa na watu, na watu huithamini lugha yao wakiona kwamba wengine wanaithamini. Fikiria basi la wanafunzi arobaini kutoka Nyeri au Voi linapofika ufukoni, nao wakaomba kwa adabu kufunzwa maamkizi, majina ya samaki, hesabu ya moja hadi kumi kwa Olusuba. Mzee aliyedhani kwamba lugha yake ni mzigo wa zamani ataona kwamba ni mali. Na mjukuu wake, aliyesimama kando akitazama, ataona vilevile. Hiyo ndiyo faida ya ziara ambayo haiandikwi katika risiti.

Wapo watakaosema kwamba njia ni ndefu na karo haitoshi. Hoja hiyo ina uzito kwa shule iliyo Garissa, wala sitaibeza. Lakini haina uzito kwa shule za Kisii, Kisumu, Kericho na Migori kwenyewe, ambazo huipita hazina ya mlangoni ili zikaitazame ya mbali. Tena si lazima kuyaona yote kwa safari moja. Boma moja, likitazamwa kwa makini, lashinda mahali kumi palipopigwa picha kwa haraka.

Kwa walimu watakaokubali kwenda, nina maombi matatu. Kwanza, wanafunzi waandaliwe darasani kabla ya safari, kila mmoja akiwa na swali lake. Pili, atafutwe mwenyeji wa kuwaongoza, naye alipwe haki yake, kwa kuwa maarifa yake ni kazi. Tatu, wakirejea waandike walichosikia, si walichoona tu. Mtaala wa Umilisi unasisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda na kutangamana na mazingira yake. Basi mazingira ndiyo haya.

Mawe ya Thimlich yamesimama karne na karne bila saruji, na kwa uangalizi mwema yataendelea kusimama. Maneno ya Olusuba hayana ukuta. Yanasimama juu ya vinywa vya watu, na vinywa hivyo hupungua kila mzee mmoja anapozikwa. Mwalimu anayepanga ziara ya muhula ujao ajiulize: je, simba wa Nairobi hawawezi kungoja?