Fundi wa Programu Huria

Kwenye mpaka kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pale wanapopaita Petite Barrière, kabla ya UVIKO-19 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa miguu kila siku na mizigo yao ya mboga, maziwa na vitenge. Maradhi nayo hupita njia hiyo hiyo. Ebola ilipothibitishwa Goma Julai 2019, hofu iliingia Gisenyi, na tarehe 1 Agosti mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa. Asichokiona mvukaji ni kwamba huku na kule takwimu za vituo vya afya huingizwa katika programu moja, DHIS2, ambayo toleo lake la kwanza lilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na ambayo sasa inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Rwanda iliifanya mfumo wake wa taifa mwaka 2012, Kongo nayo ikafuata, na hakuna kati yao iliyolipa hata senti ya leseni. Takwimu hazivuki mpaka zenyewe, maana hilo linahitaji makubaliano ya serikali mbili. Ila siku yatakapopatikana, mashine hazitakuwa kikwazo.

Wengi wakisikia programu huria hufikiria bei tu. Mimi naona bei ndiyo faida yake ndogo kuliko zote. Faida kubwa ni ruhusa ya kufungua ndani, kusoma jinsi ilivyoundwa na kuibadili. Chukua ripoti ya mwezi ya kituo cha afya: mtunza takwimu akiandika wagonjwa 60 wenye malaria ilhali waliopimwa ni 50, DHIS2 humwonya, kwa kuwa wasimamizi wa mfumo nchini wameweka kanuni kwamba wenye ugonjwa hawawezi kuwazidi waliopimwa. Kanuni hiyo haikusubiri kibali cha kampuni ya ng'ambo. OpenMRS, programu ya majalada ya wagonjwa iliyoasisiwa mwaka 2004 na Taasisi ya Regenstrief pamoja na Partners In Health, ilijengwa kwa fikra hiyo hiyo: maswali ya daktari hukaa katika kamusi ya dhana, na kuongeza ugonjwa mpya hakuhitaji kuandika programu upya. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret, Kenya, na miezi michache baadaye ikafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kwa wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu. Kutoka hapo ilienea katika mamia ya vituo, na vijana wa Kinyarwanda walifundishwa Kigali kuiandika na kuitunza.

Kuna anayeuliza: kama uhuria unatosha, mbona kompyuta ndogo za watoto hazikuigeuza elimu? Swali ni la haki. Kuanzia 2008 Rwanda iligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za mradi wa One Laptop per Child, na programu zake kwa sehemu kubwa zilikuwa huria. Kibodi yake ilikuwa hata na kitufe ambacho mtoto akikibonyeza anaonyeshwa maandishi ya programu anayoitumia. Sijui kifaa kingine cha shule kilichomwamini mtoto kiasi hicho. Lakini shule nyingi hazikuwa na umeme, walimu walipata mafunzo haba, na mafundi wa kuzirekebisha walikuwa wachache. Kitufe kilikuwepo, wa kumweleza mtoto alichokiona hakuwepo. Kwangu tofauti kati ya kompyuta hizo na OpenMRS haipo katika leseni. Ipo katika watu.

Wanaohofia kwamba programu iliyo wazi humfungulia mwizi mlango huchanganya mambo mawili. Kilicho wazi ni maandishi ya programu; jalada la mgonjwa hulindwa kwa nywila, kwa seva iliyotunzwa vizuri na kwa sheria. Hoja yenye uzito zaidi ni ya gharama: seva, umeme, intaneti na mishahara havitolewi bure, na sehemu kubwa ya fedha hizo imekuwa ikitoka kwa wafadhili. Ndiyo maana naziomba wizara zetu za afya, Kigali na Kinshasa, Dodoma na Nairobi, ziandike katika bajeti zao mshahara wa kudumu wa mwandishi wa programu, kama zinavyoandika wa muuguzi. Leseni imeshatolewa. Mafundi wa kutosha bado hawajaajiriwa.