Nani Aliyemtia Mbuta Ziwani?

Vitabu vya Kiingereza vinavyosimulia historia ya Ziwa Victoria hurudia sentensi moja, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: "The Nile perch was introduced into the lake in the 1950s." Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Sarufi haina kasoro, na mwaka si wa kubuni. Kinachokosekana ni mtu. Aliletwa na nani?

Swali hilo lilikuwa zito. Wakubwa wa idara iliyosimamia samaki Uganda walitaka mbuta aingizwe ili wavuvi wapate samaki mkubwa wa kuuza. Baadhi ya wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Jinja walipinga, wakihofia mla-samaki huyo angewamaliza wenyeji wa ziwa. Mbuta alipandikizwa rasmi mwaka 1962 na 1963, Entebbe na hapa kwetu Kisumu, lakini kufikia wakati huo alikuwa ameshaonekana ziwani. Basi kuna aliyetangulia kumtia. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha makala katika jarida la BioScience kuhusu asili ya samaki huyo, na humo mna jina: J. Ofulla Amaras, ofisa wa samaki wa Uganda, ndiye aliyemwachilia mbuta majini huko Jinja mnamo Agosti 1954, kwa agizo la wakubwa wake.

Sasa iandike habari hiyo upya kwa kauli ya kutenda: "Ofulla Amaras introduced the Nile perch in 1954." Tumempata mtendaji. Lakini tazama ilivyomwelemea: lawama yote imemwangukia ofisa aliyetumwa, na waliomtuma wamebaki nje ya sentensi. Kumbe hata kauli ya kutenda huweza kuonea. Sentensi ya haki ni ile inayosema kwamba alifanya hivyo kwa agizo, na agizo lilitoka ngazi gani.

Nimeanza na mbuta kwa sababu wanafunzi wengi hufundishwa uteuzi kati ya kauli ya kutenda na ya kutendwa kama suala la mtindo tu. Huambiwa kauli ya kutendwa ni dhaifu, waikwepe. George Orwell aliandika hivyo mwaka 1946 katika insha yake kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, na leo programu za kompyuta huipigia mstari kila inapotokea. Ushauri huo naukubali nusu. Katika Kiingereza kauli hii huundwa kwa kitenzi "be" na umbo la kitenzi lililokamilika, halafu mtendaji hutajwa mwishoni kwa "by", mwandishi akipenda. Tatizo lote limekaa katika hayo maneno mawili, "mwandishi akipenda". Kauli ya kutendwa haimfichi mtu. Mwandishi ndiye humficha, kauli ikimruhusu.

Tena zipo nafasi ambapo hiyo ndiyo kauli inayofaa. Mtafiti anayechota maji ufuo wa Dunga, Kisumu, ili apime uchafu huandika "water samples were collected", naye hakosei, maana msomaji anataka kujua habari za maji wala si za aliyeshika chupa. Vivyo hivyo aya inayomhusu samaki mwenyewe. Ukisema mbuta "was caught, filleted and flown to Europe", macho ya msomaji hayambanduki samaki kutoka wavuni hadi kiwandani hadi ndegeni. Ukilazimisha kauli ya kutenda, itabidi uwaingize mvuvi, mfanyakazi wa kiwanda na rubani, kila mmoja na kitenzi chake, na samaki uliyekuwa ukimsimulia atapotea katikati yao.

Linalonisumbua zaidi ni sentensi ambazo hakuna programu inayozipigia mstari. "Fish stocks declined." "The hyacinth spread." Hizi ni kauli za kutenda kabisa, na bado hazina mtendaji. Zinafanana na vitenzi vyetu kama pungua na enea: samaki wamepungua, gugumaji limeenea, kana kwamba yamejitokea yenyewe. Gugumaji lilipoonekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, halikunenepa kwa hewa. Lililishwa na majitaka ya miji na rutuba iliyosombwa na mito kutoka mashambani hadi Ghuba ya Winam. Mwandishi anayesema tu kwamba limeenea ametii kila kanuni ya kauli ya kutenda, na hajaeleza lolote kuhusu aliyeacha majitaka yaingie ziwani.

Vivyo hivyo fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa fahari ya ziwa hili. Kiingereza husema "they disappeared". Wengi waliliwa na mbuta alipozidi miaka ya 1980, na maji yaliyochafuka yakawaongezea dhiki. Kutoweka ni tokeo. Sababu inataka sentensi yake.

Mahali ambapo haya yanagusa riziki za watu ni kumbukumbu za mikutano. Vikundi vingi vya ufuoni, vikiwemo vile vya kusimamia fuo (BMU, yaani Beach Management Units), huandika kumbukumbu kwa Kiingereza, na humo mmejaa sentensi za aina hii: "It was agreed that the landing site be cleaned and the money be banked." Ilikubaliwa na nani? Nani atasafisha bandari ya mitumbwi? Nani atapeleka fedha benki, na lini? Mkutano unaofuata ukifika, kazi haijafanyika, wala hakuna wa kuulizwa, kwa sababu hakuna aliyetajwa.

Kwa hiyo ewe katibu wa kikundi, kabla hujazipeleka kumbukumbu kwa mwenyekiti azitie sahihi, pitia kila mahali ulipoandika "was" na "be", ujiulize ni nani. Kama kazi ina mwenyewe, andika "The treasurer will bank the money by Friday", na useme ni mwekahazina wa kikundi gani.