Dawa za TB: kupata nafuu si kupona

MNAMO Agosti 2010, wanaume wawili kutoka Nandi walipelekwa gerezani Kapsabet. Hawakuwa wameiba. Waliacha kumeza dawa za kifua kikuu, na hakimu akaagiza wazuiliwe miezi minane. Walikaa humo siku 46 kabla ya Mahakama Kuu ya Eldoret kuamuru waachiliwe. Mwaka wa 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa kuwafunga wagonjwa hivyo ni kinyume cha Katiba. Isitoshe, seli iliyojaa watu si mahali pa kumweka anayekohoa TB.

Lakini kwa nini mgonjwa aache dawa? Mara nyingi ni kwa kuwa amepata nafuu. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, jasho la usiku hukatika na hamu ya ugali hurudi. Nauli ya matatu hadi kliniki huanza kuonekana hasara, ingawa dawa zenyewe ni za bure katika hospitali za serikali.

Kumbe viini vingine vingali vimelala mapafuni. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Ukikatiza, viini vilivyobaki vyaweza kuwa sugu, nawe ukawaambukiza jamaa zako TB hiyo sugu.

Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usishtuke, ni rifampisini. Macho yakiwa manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.