Leseni, Usajili na Kodi: Istilahi za Kiswahili katika Kanuni za Upangishaji wa Nyumba, Mfano wa Nakivubo, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kanuni zinazomhusu mwenye nyumba binafsi katika eneo la Nakivubo, Kampala, na namna zinavyoweza kupotoshwa zinapoelezwa kwa Kiswahili. Uganda haina leseni ya mwenye nyumba wa makazi. Badala yake kuna nyaraka na malipo kadhaa yanayotolewa na mamlaka tofauti, kila kimoja kikiwa na nguvu yake kisheria. Makala yanadai kwamba istilahi tatu, yaani “leseni”, “kodi” na “mpangishaji”, zisipowekewa mipaka kabla ya kanuni hizo kutafsiriwa, tafsiri itamnyima mpangaji ulinzi ambao sheria imempa. Mwishoni yanapendekezwa matumizi mahususi ya istilahi hizo.

1.0 Utangulizi

Nakivubo ni eneo la katikati ya jiji la Kampala, katika Divisheni ya Kati, lililopakana na Kisenyi na Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Parokia yake ya kiutawala huitwa Nakivubo Shauriyako, jina ambalo pia huandikwa Shauliyako kwa kufuata matamshi ya Kiganda. Hivyo Kiswahili kimo katika ramani ya eneo hili tangu zamani. Kimo pia madukani, kwa kuwa wafanyabiashara kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Sudan Kusini hununua bidhaa hapa, na baadhi yao hupanga vyumba vya kulala au vya kuhifadhia mizigo.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira yatakayoainishwa na Bunge. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia hatua za kutekeleza azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili. Mwaka huohuo ilianza kutumika Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanakutana katika swali moja: sheria hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, msomaji wa Nakivubo ataelewa nini?

2.0 Kanuni zilivyo

Ni muhimu kuanza na kile ambacho hakipo. Mtu mwenye vyumba vya makazi Kampala hahitaji kwanza kupata ruhusa ya baraza la mji ili avipangishe. Sheria ya mwaka 2022, iliyofuta Sheria ya Udhibiti wa Pango iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, inasimamia uhusiano wa pande mbili. Haiweki mlango wa kuingilia katika shughuli ya upangishaji. Inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi au wa njia ya kielektroniki. Inakataza kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu. Inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika upandishaji wa pango, isipokuwa kiwango kingine kikiwekwa kisheria. Zaidi ya yote, inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Pamoja na sheria hiyo kuna nyaraka na malipo mengine manne ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni leseni ya biashara, inayotolewa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA) chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015. Leseni hii humhusu anayefanya biashara katika jengo. Katika jengo la maduka la Nakivubo, mpangaji mwenye duka ndiye anayeibeba. Haithibitishi kwamba jengo ni salama wala kwamba mwenye jengo ametimiza wajibu wake.

La pili ni kodi ya majengo, inayotozwa chini ya sheria ya ukadiriaji ya mwaka 2005. Katika Kampala kiwango ni asilimia 6 ya thamani ya jengo inayokadiriwa kutokana na mapato yake ya mwaka baada ya makato. Nyumba ya makazi anayoishi mwenyewe haitozwi, iliyopangishwa hutozwa.

La tatu ni kodi ya mapato ya pango, inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Tangu Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya mapato ghafi ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa mfano, mwenye vyumba 10 vinavyolipiwa shilingi 150,000 kila kimoja kwa mwezi hupata shilingi 18,000,000 kwa mwaka. Atatozwa asilimia 12 ya shilingi 15,180,000, yaani shilingi 1,821,600.

La nne ni barua au muhuri wa mwenyekiti wa baraza la kijiji, maarufu kama LC1. Mabaraza haya yalitokana na mabaraza ya upinzani yaliyoenezwa nchini baada ya NRM kuingia madarakani mwaka 1986, na sasa yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Mgeni anapohamia kijijini hutarajiwa kujitambulisha kwa mwenyekiti, na mara nyingi mkataba wa upangaji hupelekwa kwake ugongwe muhuri. Muhuri huo ni ushahidi muhimu kwamba makubaliano yalifanyika mbele ya kiongozi wa eneo. Hata hivyo, si leseni ya kupangisha, si usajili wa nyumba, na si amri ya mahakama.

3.0 Leseni na usajili

Katika Kiswahili cha kila siku, karatasi yoyote yenye muhuri inaweza kuitwa leseni au kibali. Katika mazungumzo hili halina madhara makubwa. Katika kanuni lina madhara. Leseni kwa maana kamili ina sifa nne: hutangulia shughuli, hutolewa kwa masharti, inaweza kufutwa, na kuendesha shughuli bila kuwa nayo ni kosa.

Uingereza inatoa mfano ulio wazi. Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 iliwapa mabaraza ya mitaa ya England na Wales mamlaka ya kuwapa leseni wenye nyumba binafsi. Nyumba kubwa zinazokaliwa na kaya kadhaa zisizo na undugu ziliwekewa leseni ya lazima, na baraza likaruhusiwa kuteua eneo ambamo kila nyumba ya kupangisha itahitaji leseni. Newham, mashariki mwa London, ilianza kutumia utaratibu huo karibu katika eneo lake lote Januari 2013. Uskoti kwa upande wake ilichagua usajili wa wenye nyumba, kupitia sheria nyingine ya mwaka 2004. Mifumo hii miwili inatofautiana. Leseni ya Newham huambatana na masharti kuhusu nyumba yenyewe na usimamizi wake. Usajili wa Uskoti huanzia kwa mtu, yaani kama anafaa kuwa mwenye nyumba.

Tofauti hiyo inagusa Nakivubo moja kwa moja. Ikiwa washauri wa sera watapendekeza siku moja kwamba KCCA iwasimamie wenye nyumba, swali la kwanza halitakuwa kiasi cha ada. Litakuwa ni kitendo gani kinachoanzishwa. Kumbukumbu ya majina ya wenye nyumba huwasaidia wakusanya mapato. Leseni yenye masharti kuhusu choo, maji, hewa na njia ya kutokea moto humsaidia mpangaji. Ikiwa zote mbili zitaitwa “leseni” katika matangazo ya Kiswahili, mpangaji atadhani chumba chake kimekaguliwa ilhali kilichofanyika ni kuandikwa kwa jina la anayekimiliki.

4.0 Kodi na pango

Neno “kodi” ndilo gumu zaidi. Katika Kiswahili sanifu lina maana mbili zilizozoeleka: malipo ya lazima kwa serikali, na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mzungumzaji wa Kiganda hana tatizo hilo katika lugha yake, kwani “omusolo” ni malipo ya serikali na hayachanganywi na fedha za nyumba. Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili inaweza kumpa utata ambao hakuwa nao kabla.

Tuchukulie tangazo fupi lisemalo: “Kodi ya nyumba isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.” Mpangaji ataelewa kwamba pango lake limewekewa kikomo, na ndivyo sheria inavyosema. Mwenye nyumba anaweza kuelewa kwamba serikali imejifunga kutoongeza tozo lake. Sentensi ni moja, lakini imetoa ahadi mbili kwa watu wawili.

Tanzania imeshakutana na ukaribu wa maneno haya. Kwa mazoea, “kodi ya nyumba” ni pango, na “kodi ya majengo” ni tozo la serikali kwa mmiliki. Nyumba na jengo ni maneno yaliyokaribiana mno kubeba tofauti kubwa kiasi hicho. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, mpangaji anayenunua umeme ndiye anayelipa kwanza, ingawa mdaiwa ni mmiliki. Utaratibu huo haukuletwa na lugha. Lakini mpangaji anayetaka kumweleza mwenye nyumba kwamba amemlipia deni lake, na kwamba fedha hizo zipunguzwe katika malipo ya mwezi, analazimika kusema “kodi” mara mbili kwa maana mbili.

Kwa bahati nzuri, lugha yenyewe ina suluhisho. “Pango” limekwishatumika katika nyaraka za kodi za Tanzania, hasa katika tungo “kodi ya zuio ya pango”. Hapo kodi ni ya serikali na pango ni la mwenye nyumba. Mpaka huo unafaa kuchukuliwa kama ulivyo.

5.0 Mpangishaji, mpangaji na “omupangisa”

Istilahi ya tatu ina hatari isiyoonekana na mfasiri aliyeko Dar es Salaam au Nairobi. Kiswahili sanifu huunda jozi safi: anayepanga ni mpangaji, na anayepangisha ni mpangishaji. Kiambishi cha usababishi kinatenganisha pande mbili za mkataba. Kiganda nacho kina kitenzi “okupangisa”, kilichotoholewa kutoka Kiswahili, lakini katika matumizi ya kawaida “omupangisa” ni mpangaji. Mwenye nyumba huitwa “nnannyini nnyumba” au, kwa utohozi, “landiloodi”.

Maana yake ni kwamba sentensi “mpangishaji atawajibika kutengeneza paa” inaweza kusomwa na Mganda anayejua Kiswahili kidogo kuwa mpangaji ndiye atakayetengeneza paa. Vilevile, “mpangishaji hatamtoa mpangaji bila amri ya mahakama” huwa sentensi isiyo na maana, kwa kuwa pande zote mbili zimekuwa mtu mmoja. Hapa ulinzi mkubwa kuliko wote katika sheria ya 2022 unapotea kwa sababu ya silabi moja iliyosafiri kutoka Kiswahili kwenda Kiganda na kurudi ikiwa na maana nyingine.

Neno jingine la aina hiyo ni “muzigo”, linalotumika Kampala kwa chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupangisha. Umbo lake ni lile la “mzigo”, lakini tafsiri yake katika kanuni inapaswa kuwa “chumba cha kupanga”. Nakivubo ni eneo la stoo na wachukuzi. Kanuni inayotaja “mizigo” bila ufafanuzi inaweza kusomwa kama kanuni ya bidhaa.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza yafuatayo kwa watafsiri na watunga sera. Kwanza, “leseni” itumike tu kwa ruhusa inayotangulia shughuli na inayoweza kufutwa. Kuingiza jina katika daftari kuitwe “usajili”, na karatasi ya LC1 iitwe “barua ya utambulisho” au “uthibitisho wa makubaliano”. Pili, “kodi” iachiwe serikali, na malipo ya mpangaji yaitwe “pango”. Tatu, katika matini zinazolengwa Uganda, “mwenye nyumba” au “mwenye jengo” itumike badala ya “mpangishaji”, hata kama usanifu unaruhusu neno hilo. Wakala au msimamizi anayepokea pango kwa niaba ya mmiliki atajwe kwa cheo chake. Nne, kila tangazo lieleze waraka husika unathibitisha nini na hauthibitishi nini. Sentensi moja chini ya muhuri, “Waraka huu si ruhusa ya kumtoa mpangaji”, ingefaa kuliko kurasa kadhaa za maelezo.

Pendekezo la tatu linaweza kupingwa kwa hoja kwamba Kiswahili cha Afrika Mashariki kinahitaji istilahi zinazofanana. Hoja hiyo ina uzito, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina wajibu wa kuilinda. Lakini lengo la usanifishaji ni kuwezesha watu kuelewana. “Mwenye nyumba” linaeleweka Zanzibar, Mombasa, Bukavu na Kampala. “Mpangishaji” halieleweki vivyo hivyo kote.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mwenye nyumba wa Nakivubo hana leseni ya kuonyesha kwa sababu sheria haimtaki awe nayo, na kwamba mpangaji wake analindwa na mkataba, ubora wa chini wa nyumba na amri ya mahakama. Ulinzi huo hauonekani kwa macho kama cheti kilichotundikwa ukutani. Upo katika maneno. Ndiyo maana uteuzi wa maneno hayo ni sehemu ya utekelezaji wa sheria. Kazi hiyo ifanywe mapema, wanasheria, wanaisimu na viongozi wa LC1 wakiwa pamoja, kabla tafsiri haijachapishwa.